Chungu cha Usifunue

Jumamosi, 18 Machi 2006

Leo nimeotesha. Nimetumia chungu kipana cha udongo alichoniazima mama mwenye nyumba, Mama Akash, kwa sababu kitalu chetu cha Morogoro hakina maji tangu mgao wa umeme uanze na pampu inyamaze. Msimamizi wangu, Dk. Bakili, alikataa kwanza. Utafiti wa mpunga juu ya paa la nyumba Kariakoo aliuona ni mzaha. Nikamwambia huku hakuna shamba jirani la kutuletea kimyanga, hakuna hata mdudu wa kuubeba ugonjwa huo, na tangi la maji lipo. Mwishowe akasema nifunike kwa chandarua, kunguru wa Dar yeye anawajua.

Mbegu ni arobaini, na duniani hakuna nyingine. Ni wajukuu wa ndoa moja. Bibi yao ni Usifunue, mpunga wa kwetu Rufiji, unaoitwa hivyo kwa sababu ukifunua sufuria mtaa mzima unajua unapika nini. Babu yao ni mpunga mgumu usioshikwa na kimyanga, hauna harufu wala ladha, kama kutafuna karatasi. Baba yangu, Mzee Idrisa, aliuza Usifunue hapa sokoni miaka ile biashara ya nafaka ilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kuleta gunia lake. Kisha mchele wa Thailand ukajaa, na kimyanga kikamaliza mashamba yetu. Mbegu za mwisho alizihifadhi Baba kwenye kopo la maziwa. Zilipofika mikononi mwangu iliota moja tu. Nikaichavusha, ikazaa mtoto mmoja, na mtoto huyo akazaa hizi. Zikipotea, Usifunue imekwisha.

Mungu azilinde. Nami nitazimwagilia.

Jumanne, 21 Machi

Mgao. Jenereta ya duka la simu hapo chini imeunguruma kutwa. Hakijaota kitu.

Ijumaa, 24 Machi

Alhamdulillahi, zimeota thelathini na moja. Nimekata vikopo vya mtindi nikapata vibandiko, kila mche na namba yake.

Euphrasia, fundi cherehani wa chumba cha pili, amepanda kuanika mashuka na kunikuta nimepiga magoti. Amesema ni mimi tu Dar nzima ninayefunika mpunga chandarua huku wapangaji wakiliwa na mbu wa kwenye chungu changu. Nikamjibu chungu changu hakina maji ya kutuama. Akajibu mbu hawajaambiwa hivyo. Huyu mwanamke atanimaliza.

Alhamisi, 30 Machi

Mama Akash ameanza Navratri, siku tisa za kumwomba Mama Durga. Ameotesha ngano kwenye chungu pacha cha changu, akakiweka kwenye chumba chake cha sala kule juu ya paa. Ameniambia ngano ikiota kijani na nzito, mwaka utakuwa mwema na maombi yamepokelewa. Siku ya mwisho hugawia watu machipukizi wayaweke nyumbani kama baraka, na yanayobaki huyapeleka baharini.

Nilimuuliza anaomba nini mwaka huu. Akasema daktari anataka kumpasua macho, yote mawili yana mtoto wa jicho, naye anaogopa. Marehemu mumewe, Mzee Tulsidas, aliingia hospitali kwa miguu yake na hakutoka. Mwanawe Akash, anayeagiza matairi kutoka nje, amemsihi mwaka wa pili sasa. Mama anasubiri ajibiwe kwanza.

Ninakaa nyumba hii mwaka wa tatu, na hakuwahi kuniambia jambo la ndani kama hili. Nimeshukuru kuaminiwa.

Jumamosi, 1 Aprili

Nimekata kipande cha jani la kila mche, kidogo kama ukucha, nikavikausha na kuvifunga. Kifurushi kimepanda basi la Nairobi kwenda kwa Clotilda, anayefanya kazi kwenye maabara ya washirika wetu.

Nilimpigia Baba kumweleza. Yuko Temeke kwa dada. Hataki kuelewa, au anaelewa na anataka kunichokoza. Nilimwambia wataalamu wa nchi nyingi wamesoma vinasaba vyote vya mpunga, herufi kwa herufi, kitabu kizima, na mwaka jana wamejua harufu inakaa ukurasa gani. Mpunga unaonukia umekosa herufi nane mahali fulani, basi. Kwa hiyo Clotilda hana haja ya kungoja mche uzae tuupike. Anaangalia ukurasa ule, na ukurasa wa kimyanga, ananiambia ni yupi amerithi vyote viwili, harufu ya bibi na ugumu wa babu. Kwa wajukuu, hao ni wachache sana.

Baba akasema, "Yaani utamu umetokana na kilichopungua?"

Nikasema ndiyo. Akacheka mpaka akakohoa, akasema basi yeye na meno yake haya matatu atakuwa mtamu kupita kiasi.

Jumanne, 4 Aprili

Ngano ya Mama Akash imeoza. Chumba cha sala hakina hewa, na tangu juzi kuna unyevu. Ameniita niangalie kwa kuwa mimi ni mtu wa mimea. Nilikuta ukungu mweupe na machipukizi machache ya njano yamelala. Akasema, "Basi ndiyo jibu," akafunga mlango.

Jumatano, 5 Aprili

Nimeitwa Morogoro kikaoni. Nitarudi Jumamosi. Nimemwagilia. Mawingu yamejaa upande wa bahari.

Jumamosi, 8 Aprili

Nataka niandike kwa mpangilio.

Nilishuka Ubungo mchana na moja kwa moja nikaingia intaneti, nikakuta barua pepe ya Clotilda. Katika miche thelathini na mmoja, mmoja tu umerithi vyote viwili: namba kumi na saba. Amezirudia herufi mara tatu, hakuna shaka. Nilifurahi nikawanunulia soda watu nisiowajua. Nilikuja nyumbani nikipanda ngazi mbilimbili.

Paa lilikuwa limebadilika. Mvua ya Jumatano usiku ilishusha matofali ya ukuta wa tangi pale pale nilipokuwa nimeweka chungu, na chandarua kilikuwa kimepasuka vipande vipande. Chungu hakipo. Nilikikuta kwenye chumba cha sala, kimeoshwa na kufunikwa. Hakuna mche. Hakuna kibandiko.

Nilimfuata Euphrasia. Akasema mvua ilipoanza alipanda kuanua mashuka, akaona chungu changu kinapigwa, akakiingiza kwenye chumba cha sala kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, kile cha ngano iliyooza akakisukuma nyuma ya mlango. Nilimuuliza nani alimtuma kugusa vitu vyangu. Nilisema na mengine. Yeye akarudi kwenye cherehani yake.

Kisha nikaenda kwa Mama Akash, na hapo ndipo nilipoelewa yote. Jana asubuhi, siku ya kumaliza, aliingia kwenye sala akiwa amekata tamaa. Ndani ya chumba, mbele ya picha ya Mama Durga, akakuta chungu chake kimejaa kijani, kimesimama, kizito kuliko miaka yote. Hakutilia shaka hata kidogo. Aliona amerudishiwa ngano yake. Alilia kwa furaha akamwita Akash, akamwambia amekubali kupasuliwa jicho. Vibandiko vyangu alidhani ni takataka zilizodondokea, akavitoa. Na kwa kuwa baraka ilikuwa kubwa, aligawa kwa mkono mpana, Akash akimpelekea kwa gari: hekaluni Kisutu, madukani, kwa wapangaji, kwa Wahindu na wasio Wahindu. Yaliyobaki Akash aliyapeleka baharini.

Alinisimulia hayo akiwa anang'aa. Halafu akaniuliza mbona nalia.

Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, Usifunue, Baba, namba kumi na saba. Uso wake ulizima nikiutazama. Sasa hivi nina hasira na kila mtu wa nyumba hii, na zaidi nina hasira kwamba siwezi kumchukia hata mmoja.

Jumapili, 9 Aprili

Asubuhi na mapema Mama Akash alikuwa mlangoni kwangu na mkongojo wake. Magoti yake hayajashuka ngazi za kwenda barabarani tangu Idi. Akasema, "Nimegawa mimi, nitaenda kuomba mimi. Twende."

Tumezunguka Kariakoo nzima. Akash alitufuata na gari polepole, akimsihi mama yake apande, mama yake akijifanya hasikii. Kwa Jeet wa vitambaa, baraka ilikuwa ndani ya droo ya fedha, imekauka kama majani ya chai. Jeet aliona aibu, akaeleza kwamba ndipo baraka inapowekwa ili biashara iende. Hekaluni yote yalishapelekwa majini. Kwa Nirali, mwenye duka la dawa mtaa wa Msimbazi, Mama Akash alisita kidogo kabla ya kugonga, akaninong'oneza kwamba ukimpa mtu baraka ukaidai, inakuwa umemtukana. Kisha akagonga. Nirali alitoka na glasi ya maji. Ndani yake miche minne, hai, mizizi myeupe.

Nilimbusu mkono binti wa watu. Akashangaa.

Kwenye ghala la Akash mwenyewe, kijana wa mauzo alikuwa ameipachika miwili kwenye uwazi wa tairi lililojaa maji ya mvua, ili wateja waione. Hiyo nayo hai. Nilifikiria mbu, nikamfikiria Euphrasia, nikaona soni.

Tulimkuta Euphrasia anarudi kutoka misa ya Jumapili ya Matawi. Mkononi ana tawi lake la mnazi na kitambaa kibichi. Ndani ya kitambaa kuna miche miwili. Alikuwa ameipanda kwenye kopo la Blue Band tangu juzi, akidhani ni ngano ya Mama Akash, na leo aliing'oa pamoja na udongo wake akaenda nayo kanisani ibarikiwe pamoja na matawi. Padre aliinyunyizia maji.

Nilimwambia, "Dada Euphrasia, nisamehe maneno ya jana. Ungeacha chungu pale kingepondwa na matofali."

Akasema, "Najua. Nilikuwa nangoja na wewe ujue." Kisha akanipa kitambaa, akauliza kama mbu wa chungu changu wameshaambiwa.

Miche minane. Haina namba, na kwa macho yote inafanana. Lakini namba niliyoandika mimi kwenye kikopo cha mtindi ndiyo iliyopotea. Ile ya ndani ya jani haipotei hata mche ukipita dini ngapi. Nitakata tena, nitatuma tena. Nane kati ya thelathini na mmoja. Nimeridhika kwa leo.

Jumatatu, 10 Aprili

Kifurushi kimepanda basi. Clotilda amekubali kutupenyeza katikati ya kazi za watu. Nimemweleza Dk. Bakili kwa simu, akaniuliza kama nimekula.

Jumanne, 11 Aprili

Maulidi Mnazi Mmoja. Nimemwombea kila aliyefungua mlango wake juzi. Kwa hesabu yangu mpunga huu sasa umeombewa kila upande, imebaki kupimwa.

Jumatatu, 17 Aprili

Mvua. Jangwani maji yamevuka barabara, nimezunguka mbali kupata mbolea. Miche imeshika. Euphrasia ameniletea pilau ya Pasaka.

Ijumaa, 21 Aprili

Bado hakuna barua. Mama Akash hatoki chumbani kwake wala hajaniita. Akash anasema mama amerudi nyuma, hasemi tena habari za hospitali. Alinisemesha kwa adabu ila niliona ananilaumu, na sijui kama anakosea.

Alhamisi, 27 Aprili

Imekuja. Minane yote, hakuna. Mitatu ina harufu na itakufa kwa kimyanga. Mmoja ni mgumu na hauna harufu. Iliyobaki ni vuguvugu tu, haina hiki wala kile. Kumi na saba yuko baharini.

Nimempigia Baba. Nilidhani atatania. Alisema, "Ulijitahidi, mama." Ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Ijumaa, 28 Aprili

Asubuhi nilikuwa nimekaa juu ya paa bila kazi ya kufanya. Mama Akash alipanda, akiushika ukuta. Mkononi alikuwa na kopo la shaba lenye maji, na ndani yake miche mitatu, imepauka kwa kukosa jua, lakini hai. Alikuwa anabadilisha maji kila siku.

"Hii ilikuwa kwenye picha ya Mzee Tulsidas," akasema. "Sikukuonyesha."

Nilikuwa nahesabu wiki ambazo kopo lile lilikuwa hatua chache kutoka kitandani kwangu.

"Siku ile uliponiambia, nilijua si ngano. Macho yangu mabovu, vidole vyangu vizima. Nilizunguka na wewe kwa watu wote, nikarudi nikafunga mlango. Nilisema, wote wametoa, mimi nibaki na hii. Nilitaka Mungu awe amenijibu mimi, si wewe. Nikikupa, nitaingia hospitali na nini?"

"Na sasa utaingia na nini, Mama?"

"Sasa sijui. Lakini jana nilikusikia kupitia ukuta, unaongea na baba yako." Akaniwekea kopo mapajani. "Mtu hawezi kujibiwa kwa mali ya mwenzake. Chukua."

Jana ningemfokea, leo nilimshika miguu, shikamoo ya kweli ile ya zamani, naye akaniwekea mkono kichwani. Nimempa kila kitu moyoni mwangu isipokuwa matumaini, maana hayo nayo nilikuwa sina. Kisha nikakata majani.

Jumatano, 3 Mei

Mitatu hii nayo imeshika udongo. Inarudisha rangi.

Jumatano, 10 Mei

Nilikuwa nimefungua ukurasa, jina la Clotilda liko pale, umeme ukakatika. Mgao. Mwenye intaneti alikwenda kuwasha jenereta kwa mwendo wa bwana harusi. Mashine ikawaka, nikaandika nywila vibaya mara mbili.

Wa kwanza hana kitu. Wa tatu ana harufu tu. Wa pili ana vyote viwili. Clotilda ameulinganisha na majibu ya mwanzo, kurasa zake zote zinafanana. Ameandika: "Ni yeye yule, kumi na saba. Mlimficha wapi?"

Nilikimbia kutoka pale mpaka nyumbani. Nilimwambia Mama Akash kabla ya Baba na kabla ya Dk. Bakili. Alikaa kitandani, akasema taratibu kwamba angekuwa mchoyo siku moja zaidi asingejisamehe, halafu akaniuliza kama tumbo langu limeona chakula leo. Watu wote wa maisha yangu wananiuliza hivyo. Nashukuru, sijui nilifanya nini kustahili watu hawa.

Jumatatu, 15 Mei

Mama Akash amepasuliwa jicho la kulia. Hakuwa na kitu chochote mkononi alipoingia, nimeona mwenyewe. Euphrasia na mimi tulikaa kwenye benchi na Akash mpaka akatolewa.

Jumamosi, 24 Juni

Suke la kwanza limetoka. Mvua zimekwisha kabisa. Nimelifunika mfuko wa karatasi, lisichavushwe na chochote.

Jumapili, 30 Julai

Nimevuna mche mmoja. Masuke saba. Baba amekuja kutoka Temeke, akafikicha punje moja akaiweka puani, akageuka upande wa ukuta. Kisha akasema inataka chumvi. Nilimwambia haipikwi hata moja, kila punje inarudi ardhini, na mwaka kesho Mungu akijalia itakuwa shamba Utete, kwetu Rufiji. Akaitikia bila ubishi, jambo lisilo la kawaida kwake.

Suke moja nilikuwa nimeliweka pembeni bila kumwambia Dk. Bakili. Nilimpelekea Mama Akash aweke kwenye picha ya mumewe, badala ya ile miche niliyochukua. Sasa anaona. Alilishika akalileta dirishani, akaligeuza polepole, punje kwa punje, akalinusa. Nilidhani atakwenda nalo kwenye chumba cha sala. Badala yake alilipukuchua lote kwenye kiganja chake, akakishika kiganja changu, akamimina humo.

"Kapande," akasema. "Mimi nimeshajibiwa."

Nimezifunga pamoja na zile nyingine. Hakuna iliyodondoka.